Kufa na Kuuawa

Katika somo la sarufi, msomaji, ulifundishwa kwamba kitenzi cha Kiswahili hugeuka kwa kauli. Mtoto aliyeangusha kikombe jikoni aghalabu hamwambii mama yake, "Nimekivunja." Husema, "Kikombe kimevunjika." Hakusema uongo, maana kikombe kimevunjika kweli, lakini ameteua kauli ya kutendeka ili mtendaji asionekane. Mama mwenye busara husikiliza, kisha huuliza, "Kimevunjwa na nani?" Kwa swali hilo moja ameleta kauli ya kutendwa mahali pake, na pamoja nayo amemtoa nje yule aliyekuwa amejificha nyuma ya kitenzi.

Insha hii yahusu jambo zito kuliko kikombe. Yahusu vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa askari, na jinsi magazeti na vyombo vingine vya habari vilivyovitangaza vifo hivyo. Mifano yangu mingi nimeichagua katika nchi ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki na kusini ya Mlima Kenya, na mahali pachache nitatoka nje ya nchi hiyo ili kulinganisha. Neno ninalotaka kulithibitisha ni hili: mtu akifa mikononi mwa dola, habari ya kwanza ya kifo chake aghalabu hutolewa na walewale waliokuwa wamemshika. Gazeti likiipokea habari hiyo bila kuuliza, huwadhuru watu mara ya pili. Kwanza wamenyang'anywa mtu wao, na sasa wananyang'anywa ushahidi wao.

Tuanze na Chuka. Leo Chuka ni mji wa Kaunti ya Tharaka-Nithi, lakini mwaka 1953 ulikuwa ndani ya Wilaya ya Meru. Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wamefungwa katika tita moja la kushukiwa. Mnamo Juni 1953 kikosi cha jeshi la King's African Rifles, chini ya ofisa Mwingereza aliyeitwa Gerald Griffiths, kiliingia Chuka kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Kwa muda wa siku chache watu wapatao 20 wasiokuwa na silaha waliuawa na askari hao. Wengi wao walikuwa homugadi, yaani wanakijiji waliokuwa wamejiunga na ulinzi wa upande wa serikali. Litazame vema jambo hilo, msomaji. Watu hao hawakuwa adui hata kwa hesabu ya serikali yenyewe. Walikuwa wametii walichoamriwa, na utii wao haukuwalinda, kwa sababu jicho la aliyeshika bunduki liliona ngozi kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Griffiths alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwezi Novemba 1953, akishtakiwa kumwua mtu mmoja, naye akaachiliwa. Mwezi Machi 1954 alishtakiwa tena, mara hii kwa kuwatesa watu aliokuwa amewashika, akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Kwa mauaji ya wale watu wapatao 20, hakuna aliyehukumiwa. Mwaka 2006 wanahistoria watatu walipoandika juu ya mauaji hayo katika jarida moja la historia la Uingereza, walieleza kwamba karatasi za serikali juu yake zilikuwa bado zimefungwa.

Sasa na tuzipime habari zilivyotolewa. Katika kesi ile ya kwanza ilidhihirika kwamba kikosi kilikuwa na ubao wa kuhesabia waliouawa, na kwamba askari waliahidiwa shilingi 5 kwa kila mtu aliyeuawa. Habari hizo zilienea Uingereza, zikafika hata Bungeni London. Mtu aweza kusema kwamba hapo magazeti yalifanya kazi yake, nami sikatai. Lakini uliza: habari ile ilikuwa habari ya nani? Ilikuwa habari ya heshima ya jeshi la Uingereza. Watu walijiuliza kama yawezekana ofisa mwungwana kuweka ubao wa namna hiyo. Uchunguzi wa kijeshi ukafanywa Desemba 1953, nao kwa jumla ukalisafisha jina la jeshi. Na jina liliposafishika, habari ikapoa. Wajane wa Chuka walibaki mle mle walimokuwa. Msiba wao ulikuwa umetumika kama pambo katika shauri la watu wengine.

Ulinganishe na jambo la Januari ya mwaka huo huo, wakati familia moja ya walowezi, mume, mke na mtoto wao wa miaka 6, ilipouawa na Mau Mau huko Kinangop. Picha za chumba cha mtoto huyo zilienea dunia nzima. Hapana mtu mwenye moyo awezaye kuilaumu huzuni ile. Mtoto ni mtoto. Lawama yangu ni juu ya mizani. Kwa hesabu za serikali yenyewe, walowezi raia waliouawa katika miaka yote ya Hali ya Hatari walikuwa 32. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa zaidi ya 1,800. Waafrika waliouawa wakihesabiwa kuwa ni Mau Mau walikuwa zaidi ya 11,000, na walionyongwa kwa hukumu ya mahakama walikuwa 1,090. Wale 32 walikuwa na nyuso, majina na vyumba vya kulala. Maelfu yale yalikuwa na tarakimu tu. Msomaji aliyekaa mbali, akiletewa kila siku uso wa upande mmoja na tarakimu za upande wa pili, huishia kuamini kwamba upande wa pili hauna nyuso.

Tushuke sasa hadi tambarare ya Mwea. Leo Mwea ni sehemu ya Kaunti ya Kirinyaga, lakini wakati ule ilikuwa katika Wilaya ya Embu. Mwaka 1957 maelfu ya watu waliowekwa kizuizini walipelekwa katika kambi za hapo, na waliokataa kukiri kiapo au kuvaa nguo za kambi walipigwa tangu siku ya kufika mpaka wakubali. Jambo hili halikuwa la askari wachache walioshindwa kujizuia. Lilikuwa ni utaratibu uliojadiliwa ofisini. Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana mwaka huo akieleza mipaka ya kuwapiga watu, akaonya kwamba ikiwa hapana budi kutenda dhambi, basi itendwe kimya kimya. Hapo, msomaji, unaona shabaha ya jambo lote. Fimbo ilihitaji kimya, na kimya hakipatikani ila kwa kuvifunga vinywa viwili, kinywa cha aliyepigwa na kinywa cha gazeti. Magazeti ya Waafrika yaliyoikosoa serikali yalikuwa yamekwisha kupigwa marufuku tangu mwanzo wa Hali ya Hatari. Kinywa cha pili kilikuwa kimefungwa kabla ya fimbo kuinuliwa.

Utaratibu ule wa Mwea ulipelekwa Hola, karibu na Mto Tana, na hapo kimya kilivunjika. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walikufa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa gari la maji. Wasome tena watendaji wa tangazo hilo: maji, na matumbo ya wafungwa wenyewe. Askari hayumo, wala rungu halimo. Uchunguzi wa maiti ulipofanywa, ulionyesha kwamba watu wale walikufa kwa kupigwa, na tarehe 27 Julai 1959 Bunge la London lilijadili mauaji hayo usiku kucha. Kumbe tangazo lilisema "walikufa" mahali palipotakiwa "waliuawa". Tofauti ya maneno hayo mawili ni herufi chache, nazo zilitosha kuwaficha wauaji kwa siku kadhaa. Na kama hapangekuwa na watu wa kuuliza, zingetosha kuwaficha milele.

Habari za namna hii zilifanya nini kwa watu wa Meru, Embu na jirani zao? Ziliwafundisha kwamba kilichoandikwa si chao. Mtu aliyeshuhudia kwa macho yake, kisha akasikia redio ikisema kinyume, huanza kukitunza alichokiona ndani ya nyumba, akimnong'oneza mtoto wake usiku. Kimya kingi, wahenga wamesema, kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya hiki ulichukua zaidi ya miaka 50 kusikika. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba ilikuwa na majalada mengi ya Kenya yaliyofichwa, na tarehe 6 Juni 2013 ilitangaza kwamba inajuta, ikakubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kufa. Fedha zilikuja, lakini fedha si heshima ya kusadikiwa siku ile ile unaposema, "Nimepigwa."

Pengine utaniambia, "Hayo ni ya ukoloni, na mkoloni amekwenda zake." Ni kweli amekwenda. Tangu mwaka 1963 bendera ni yetu, na polisi ni watoto wetu waliosoma katika shule zetu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Dola mpya ilirithi vituo vilevile na marungu yaleyale, na pamoja nayo ilirithi desturi ya kutoa habari kwa kauli ya kutendeka.

Usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, katika mji mdogo wa Kianjokoma, Kaunti ya Embu, vijana wawili wa tumbo moja, wote wanafunzi wa vyuo, walikamatwa na polisi kwa kosa la kuwa nje wakati wa kafyu iliyowekwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wazazi waliwatafuta, na baada ya siku mbili wakawaona katika chumba cha maiti cha hospitali ya Embu. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba vijana waliruka kutoka katika gari lililokuwa likienda. Tazama tena mtendaji ni nani: ni marehemu wenyewe. Waliruka, waliumia, walikufa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na ya mbavu, nao haukuyapa nguvu maelezo yale.

Lakini hapa kulikuwa na tofauti na Chuka, na haki yataka isemwe. Waandishi wa habari walikwenda Kianjokoma. Walimsikiliza mama, walimsikiliza baba, waliuliza gari lilikuwa likienda kwa mwendo gani na nani walikuwa ndani yake. Katika muda wa siku chache nchi nzima iliwajua vijana hao kwa majina na kwa nyuso. IPOA, chombo cha kiraia kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili kuuchunguza mwenendo wa polisi, kilishika kazi, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaagiza polisi 6 washtakiwe kwa mauaji. Wote 6 walikana mashtaka, na kuhukumu ni kazi ya mahakama, si ya insha. Ninalosema mimi ni kwamba shauri lisingefika mahakamani kwa upesi ule kama magazeti yangalitosheka na kitenzi "kuruka".

Hata hivyo sifa hiyo ina kasoro yake. Watu wa Kianjokoma waliandamana kwa hasira, gari la polisi likachomwa, na katika ghasia hizo mtu mwingine aliuawa kwa risasi. Gari lililochomwa lilipigwa picha nyingi. Wale ndugu wawili tunawakumbuka. Ni wangapi kati yetu wanaomkumbuka huyu wa tatu? Moto huvuta macho, na jicho likivutwa husahau kuhesabu watu. Tena yafaa tujiulize moto ule ulitoka wapi. Mwanakijiji anayeamini kwamba akisema atasikilizwa, huenda kusema. Asiyeamini hutafuta kiberiti. Simsifu mwenye kiberiti, maana gari lililochomwa halikumfufua mtu. Lakini msomaji anayetaka kuufahamu moto hana budi kuifahamu miaka mingi ya kutosikilizwa iliyoukausha ule ukuni.

Usidhani ugonjwa huu ni wa Afrika peke yake. Tarehe 25 Mei 2020, katika mji wa Minneapolis, Marekani, polisi mweupe alimkandamiza shingoni kwa goti mtu mweusi aliyeitwa George Floyd hata akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kwamba mtu alikufa baada ya kupatwa na tatizo la kiafya alipokuwa akishughulikiwa na polisi. Goti halikutajwa. Msichana wa miaka 17 aliyekuwa njiani alikuwa amelipiga tukio picha kwa simu yake, na picha hiyo ikaishinda taarifa. Mwaka uliofuata polisi yule alipatikana na hatia ya mauaji. Na Nairobi, mwezi Juni 2025, mwalimu mmoja kijana alikufa katika kituo cha polisi. Ikasemwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulipinga maneno hayo, na mkuu wa polisi ikambidi aombe radhi mbele ya Seneti kwa habari aliyokuwa ameitoa.

Maji, gari, ugonjwa, ukuta. Hola, Embu, Minneapolis, Nairobi. Mahali ni mbalimbali na miaka ni mbalimbali, lakini sentensi ni moja.

Sasa yapo maneno mawili ya upande wa pili, nami nisipoyatia mizanini nitakuwa nimefanya lile lile ninalolilaumu. La kwanza, kazi ya polisi ni ya hatari, na polisi nao huuawa kazini, wakaacha wajane. Ni kweli. Gazeti linalomfanya kila polisi kuwa mwuaji linatenda dhuluma, na linamvunja moyo yule aliye mwaminifu. Lakini polisi mwaminifu ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya ukweli. Siku ambayo kituo chake kinasema "waliruka" na watu wasisadiki, neno lake naye limeshuka thamani, hata akisema kweli. La pili, wako waandishi wanaotafuta wanunuzi tu, wanaoonyesha maiti uchi na kumfuata mama mwenye msiba kwa kamera mpaka kaburini. Hilo nalo ni kweli, nalo ni aibu. Kumpa marehemu uso si kuanika majeraha yake. Uso hupatikana kwa kusema alikuwa nani, alisoma wapi, alitarajia nini, na nani anamlilia.

Basi wewe, kijana wa sekondari, ukisoma habari ya mtu aliyekufa mikononi mwa askari, isome kwa utaratibu huu. Kwanza tafuta kitenzi, uone kimewekwa katika kauli gani, na kama mtendaji yumo. Pili tafuta chanzo: ni nani aliyesema, naye alikuwa wapi tukio lilipotokea? Tatu tafuta sauti ya jamaa na ya mashahidi; kama haimo, habari haijakamilika, hata ikiwa imechapishwa kwa herufi kubwa. Nne, usikate hukumu kabla ya uchunguzi wa maiti na mahakama, maana haki unayomdai polisi ampe mshukiwa, polisi naye anaidai kwako akiwa mshtakiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamlinda aliyekamatwa katika kifungu cha 49, na uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34. Vifungu hivyo viwili vinategemeana. Palipo na gazeti lililonyamaza, kile kinachomlinda mfungwa hubaki wino tu.

Kati yenu wanaosoma kurasa hizi, mmoja atakuwa mwandishi wa habari, mwingine atavaa sare ya polisi, na mwingine atakuwa karani wa kituo, ambaye saa nane ya usiku ataambiwa aandike katika kitabu jinsi mtu fulani alivyofikwa na mauti. Mkubwa wake atasimama karibu akimtajia neno la kuandika. Siku hiyo sarufi haitakuwa somo la mtihani. Itambidi karani huyo achague kati ya "alikufa" na "aliuawa", na kama ni neno la pili, aandike baada yake ile "na" ndogo na jina linaloifuata.